Juu ya Neno "Ukiritimba" na Matumizi Yake

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kufasiri hati ya mapatano baina ya mnunuzi mmoja wa alizeti na wakulima wa kijiji cha nyanda za kati. Hati yenyewe haikuwa ndefu. Kifungu kilichonipa kazi ndogo kuliko vyote kilikuwa kile kilichosema kwamba mnunuzi hatakuwa na haki ya peke yake ya kununua mazao ya kijiji hicho. Niliandika bila ya kusita: "Mnunuzi hatakuwa na ukiritimba." Kamusi ilikuwa upande wangu, nami nikapokea ujira wangu nikaenda zangu.

Msimu ulipokwisha ndipo habari ziliponifikia. Malipo yalikuwa yamechelewa mno. Wakulima waliichukua ile hati hadi kwa ofisa wa kata, wakamwonyesha kifungu changu kwa kidole: mnunuzi aliahidi kwamba hatakuwa na ukiritimba, na sasa hii njoo kesho njoo kesho ni kitu gani kama si ukiritimba? Ofisa akawaeleza kwamba kifungu hicho hakihusu kuchelewa kwa malipo hata kidogo; maana yake ni kwamba walikuwa huru kumwuzia mtu mwingine. Hapo mzee mmoja aliuliza swali ambalo ndilo linalonifanya nishike kalamu: kama tulikuwa huru, mbona hatukuambiwa? Msimu mzima walikuwa wamewarudisha wanunuzi wengine waliofika na magari yao, kwa kudhani kwamba mkataba umewafunga.

Mzee yule aliambiwa, tena kwa maandishi. Aliambiwa kwa neno ambalo mimi nililielewa kwa namna moja na yeye kwa namna nyingine, na sote wawili tulikuwa tunasema Kiswahili. Makala haya basi yanajaribu kuuliza ni nani kati yetu aliyekosea, na wafasiri wenzangu wafanye nini na neno hili sasa.

Tuanze na maana ya kamusi, kwani haina ugomvi mwingi. Ukiritimba ni hali ya mtu mmoja, kampuni moja au kikundi kimoja kuwa na mamlaka ya pekee juu ya biashara au shughuli fulani, pasipo mshindani. Ndilo neno ambalo walimu wa uchumi na wafasiri wamelitumia tangu zamani kwa lile la Kiingereza "monopoly", ambalo asili yake ni maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kuuza peke yako. Yafaa kuangalia kwamba ndani ya maana hii mna mambo mawili yaliyoviringishwa pamoja. Kuna haki, yaani ruhusa iliyotolewa na mtawala au sheria kwamba fulani na si mwingine ndiye atakayefanya biashara hiyo. Na kuna hali, yaani ukweli wa soko kwamba fulani amebaki peke yake, hata kama hakuna aliyempa haki hiyo. Nitalirudia jambo hili baadaye, maana ndilo linalowasumbua wanasheria.

Lakini msomaji na ajaribu kusikiliza hotuba yoyote ya kufungua ofisi ya umma katika Tanzania. Kiongozi atasimama na kuwaagiza watumishi waache ukiritimba. Atalaani ukiritimba wa kupata vibali, ukiritimba wa kutoa leseni, ukiritimba wa hati za viwanja. Hakusudii kusema kwamba ofisi mbili zipewe kazi ya kutoa hati za viwanja ili zishindane. Anakusudia foleni, mihuri mingi, faili lisiloonekana, na karani aliyetoka kidogo. Magazeti nayo hayaachi kuandika "urasimu na ukiritimba" kwa pamoja, kama tusemavyo "shida na dhiki" au "raha na starehe", na kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba katika jozi za namna hiyo neno la pili huja kulitia nguvu la kwanza, halikuja kuongeza habari mpya. Katika magazeti ya Kenya nimezoea zaidi kulikuta neno hili likisimama kwenye maana yake ya soko, ingawa huko nako maana ya pili haikosekani.

Wapo wenzetu ambao dawa yao ni rahisi: wananchi wamekosea, wasahihishwe. Nimeisikia hoja hiyo katika warsha zaidi ya moja, na zamani niliitetea mwenyewe. Nikiwa mkufunzi katika chuo cha ualimu niliwahi kutoa swali lililotaka madhara ya ukiritimba katika biashara. Karibu darasa zima likaniandikia juu ya makarani wavivu na rushwa ndogondogo za dirishani, nami nikawapa sifuri kwa wino mwekundu. Leo nadhani nilikuwa na haraka. Neno halihami nyumba yake bila sababu, na sababu za hili zinaonekana wazi kwa mtu anayekumbuka jinsi mambo yalivyokuwa madukani.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ya Tanzania Bara iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma. Shirika la Usagishaji la Taifa liliundwa mwaka 1968, na vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976 likawa ndilo mnunuzi halali wa nafaka huko vijijini. Bidhaa za viwandani zilipitia katika makampuni ya biashara ya mikoa, kisha katika maduka ya ushirika na ya kaya. Sisemi hapa kama mpango huo ulikuwa mwema au mbaya. Hilo lina mahali pake. Nasema tu kwamba mwananchi aliyetaka unga, sabuni, khanga au tairi la baiskeli alikuwa na mlango mmoja wa kugonga, na nyuma ya mlango huo alikuwapo mtu mwenye meza, daftari na muhuri. Aliyekuwa na haki ya pekee ya kuuza ndiye huyo huyo aliyekuwa na uwezo wa kukwambia urudi Jumatatu. Mchumi akitazama mlango ule ataona mambo mawili, upweke wa mwuzaji na taratibu za ofisi. Aliyesimama mbele yake na kikapu mkononi aliona jambo moja. Kama hakuna duka jingine, karani hana sababu ya kuharakisha. Na karani asiyeharakisha ndiye alama ya kwamba hakuna duka jingine. Waliouita usumbufu huo ukiritimba waliuita kwa jina la chanzo chake. Ndivyo lugha ifanyavyo mara nyingi: tunasema "ana presha" tukiutaja ugonjwa kwa jina la kinachopimwa.

Kisha mambo yakabadilika na neno likabaki. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na katika miaka ya uongozi wa Rais Mwinyi, 1985 hadi 1995, neno "ruksa" likawa maarufu hata likawa lakabu yake mwenyewe. Milango ya maduka ikawa mingi. Lakini mlango wa kibali, wa leseni na wa cheti ukabaki mmoja, kwa kuwa serikali ni moja. Hivyo ukiritimba ulihama dukani ukaenda kukaa ofisini, pamoja na ile harufu yake ya kungoja. Vijana wa leo waliozaliwa baada ya mashirika yale kufa wamelirithi neno pamoja na ladha hiyo, wala hawajui lilikotoka.

Ipo sababu nyingine ya sarufi, ambayo sijaona ikitajwa. Ukiritimba halina kitenzi kinachotumika. Hatusemi mtu "anakiritimba". Kwa hiyo msemaji hulazimika kuliazimia kitenzi, na vitenzi alivyoviazima ni kuweka na kuleta: "wameweka ukiritimba", "usituletee ukiritimba". Angalia sasa ni majina gani mengine yanayopenda kuandamana na vitenzi hivyo: kuweka vikwazo, kuweka pingamizi, kuleta usumbufu, kuleta ubishi. Zaidi ya hayo neno lenyewe huanza kwa u-, likaingia katika kundi la uzembe, ubabaishaji, urasimu na umangimeza. Neno likikaa na jamaa hawa kila siku litaacha vipi kufanana nao?

Hilo la umangimeza lastahili kusimamiwa kidogo, kwani ni katika maneno mazuri tuliyoyaunda na tunayaacha yafe. Mangi ni cheo cha mtawala wa Wachaga. Madaraka ya watemi na machifu yaliondolewa kisheria Tanganyika mwaka 1963, na wananchi wakaona kwamba aliyeondoka kwenye kiti cha enzi amerudi kwenye kiti cha ofisi. Ndiye mangi wa meza. Neno hili halisemi habari za utaratibu wala habari za soko, linasema habari ya tabia: dharau ya mwenye meza kwa asiye na meza. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea tabia hiyo hiyo kwa viongozi, na umangimeza lilifaa sana kuitaja. Leo tunaibebesha ukiritimba mzigo wa umangimeza, na urasimu mzigo wa vyote viwili, ilhali tunayo maneno matatu kwa vitu vitatu.

Sasa natoka Bara naingia Visiwani, ambako neno hili lina historia ndefu zaidi na, naona, limehifadhi maana yake vizuri zaidi. Sultani Seyyid Said, katika mkataba aliofunga na Waingereza mwaka 1839, aliibakizia dola yake biashara ya pembe za ndovu na sandarusi katika pwani ya Mrima baina ya Tanga na Kilwa. Wageni hawakuruhusiwa kuinunua bidhaa hiyo huko moja kwa moja. Karne moja baadaye, mwaka 1937, serikali ya kikoloni ya Zanzibar ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoanzishwa mwaka 1927, mamlaka ya pekee juu ya biashara ya kuuza karafuu nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, na India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikasusa nao, mpaka yakafikiwa mapatano mwaka 1938. Baada ya Mapinduzi, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar liliundwa mwaka 1968, nalo likapewa haki ya peke yake ya kununua karafuu kwa wakulima. Kwa mkulima wa Pemba ukiritimba haukuwa foleni. Ulikuwa bei. Na bei ilipokuwa mbaya, jibu lake lilikuwa mashua ya usiku kwenda upande wa Kenya, jambo ambalo nalo lilikuwa na jina lake, magendo.

Mfano wa karafuu unatufundisha kitu ambacho walimu wa uchumi wafaa kukizingatia. Neno la Kiyunani nililolitaja linahusu kuuza tu; ndiyo maana wachumi wa Ulaya walilazimika kuunda neno la pili kwa mnunuzi wa pekee, nalo ni geni hata kwa wasomi wao wengi. Ukiritimba wetu haukufungwa hivyo. Sultani, chama na shirika katika mifano yangu wote kwa mkulima walikuwa wanunuzi, wala hakuna Mswahili atakayesita kuuita mpango wao ukiritimba. Basi tunaweza kusema ukiritimba wa uuzaji na ukiritimba wa ununuzi, tukaeleweka na mwanafunzi wa darasa la saba. Sioni kwa nini baadhi ya vitabu vyetu vinajitaabisha kulitohoa lile neno la pili la kigeni.

Kwa siasa nitasema machache. Husemwa "ukiritimba wa chama" kwa kipindi cha tangu Katiba ya Muda ya mwaka 1965 hadi kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992, na hapo neno limetumika sawasawa kabisa: ilikuwa haki ya pekee, iliyoandikwa katika sheria, ya kuendesha siasa.

Mpaka hapa mtu aweza kusema kwamba huu ni mjadala wa wapenda maneno. Ungekuwa hivyo kama sheria zetu zingebaki katika Kiingereza. Lakini Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ya marekebisho ya sheria mbalimbali ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania, na tangu hapo kazi ya kufasiri imekuwa kazi ya kuamua haki za watu. Hakimu atasoma ukiritimba, wakili atasoma ukiritimba, na shahidi atakayeulizwa kizimbani kama mshtakiwa ana ukiritimba atajibu kwa kiapo kwamba hana, kwani siku zote humhudumia upesi.

Chukua Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Haikatazi mtu kuwa mkubwa. Inakataza kuutumia vibaya ukubwa huo. Na ilipotungwa iliweka kipimo: mtu ahesabiwe kuwa na nguvu ya kutawala soko ikiwa aweza peke yake kuupunguza ushindani kwa faida yake, na fungu lake katika soko limezidi asilimia 35. Mwenye asilimia 36 hayuko peke yake. Wenzake wamebaki na asilimia 64. Kuiita hali hiyo ukiritimba, kama nilivyoona ikifanywa katika baadhi ya tafsiri, ni kosa kwa maana zote mbili, ya kamusi na ya mtaani. Yafaa tuseme "kutawala soko", maneno ya kawaida yasiyodai kwamba mtu amebaki pekee.

Wengine wamependekeza tuliache ukiritimba liende zake ofisini na mahali pake tuweke uhodhi. Pendekezo hili lina uzuri mmoja mkubwa, nao ni kwamba kuhodhi ni kitenzi hai. Lakini kitenzi hicho kina shughuli nyingine. Sukari inapoadimika, kama ilivyokuwa mwaka 2016, husemwa kwamba wafanyabiashara wanahodhi sukari, yaani wameifungia ghalani wakingoja bei ipande. Katika miaka ya vita dhidi ya wahujumu uchumi, 1983 na 1984, kuhodhi na ulanguzi yalikuwa maneno ya kila siku. Wahodhi wa namna hiyo waweza kuwa mia katika mji mmoja, na hakuna hata mmoja mwenye ukiritimba. Tukilifanya uhodhi libebe maana ya mwuzaji wa pekee, tutakuwa tumeondoa utata mmoja na kuleta mwingine, tena mbaya zaidi, kwani kuficha sukari na kuwa mwuzaji pekee ni makosa mawili tofauti, na la pili pengine si kosa. (Wenyeji wa pwani wataniambia kwamba hodhi kwao ni chombo cha kuwekea maji. Ni kweli, na hilo halina hatari. Hakuna atakayemshtaki mtu kwa kuwa na maji.)

Limebaki lile jambo la haki na hali niliyoliahirisha. Historia ya Uingereza inasaidia hapa, kwani ndiko zilikotoka sheria tunazozifasiri. Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa na desturi ya kuwapa watumishi wake barua za haki ya pekee: huyu chumvi, yule karata za kuchezea. Kesi ya karata ilifika mahakamani mwaka 1602 na haki hiyo ikatangazwa kuwa batili. Mwaka 1624 Bunge likapiga marufuku haki zote za namna hiyo, ila likawaachia wavumbuzi wa vitu vipya miaka 14. Kwa hiyo kile kilichokatazwa na kile kilichoruhusiwa vilikuwa kitu kimoja kwa umbo, yaani haki ya mtu mmoja kuwazuia wengine wote. Sisi tumefanya vizuri kumpa mvumbuzi neno lake, hataza, ambalo limeshazoeleka, na mwandishi hakimiliki yake. Hakuna anayesema kwamba mwenye hataza ana ukiritimba, ingawa kwa hesabu anao.

Hatukufanya vizuri hivyo kwa haki za pekee zisizo za biashara. Ipo sheria ya mwaka 1988 ambayo jina lake kwa Kiswahili hutaja kinga, madaraka na haki za Bunge. Neno la mwisho limefasiriwa kwa upole mno. Haki ya kusema ni ya kila raia; lakini kutoshtakiwa kwa neno ulilolisema bungeni, jambo linalolindwa na Ibara ya 100 ya Katiba, ni la mbunge tu. Neno la Kilatini lililozaa lile la Kiingereza lilikuwa na maana ya sheria kwa ajili ya mtu mmoja. Ukiita hilo haki tupu, umelificha lililo muhimu ndani yake. Ukiita upendeleo, umelihukumu kabla ya kulieleza. "Haki ya pekee" inatosha, wala si ndefu.

Basi kwa upande wangu nimejiwekea utaratibu, ambao msomaji yu huru kuupinga katika kurasa hizi. Katika kitabu cha uchumi naandika ukiritimba bila woga, mradi maana yake imeelezwa mara ya kwanza linapotokea. Katika habari za ofisi naandika urasimu kwa utaratibu, na umangimeza kwa tabia. Lakini katika hati itakayotiwa saini au dole gumba na mtu asiye na kamusi, ukiritimba siliandiki kabisa. Kifungu kile cha alizeti, kama ningekipata tena, ningekiandika hivi: "Mnunuzi hana haki ya pekee ya kununua mazao ya kijiji hiki. Mkulima aweza kumwuzia mtu mwingine yeyote, wakati wowote, bila ya kuomba ruhusa ya mnunuzi." Mwenzangu mmoja, mfasiri hodari kuliko mimi, ameniambia kwamba hayo ni maneno mengi mno mahali ambapo neno moja lingetosha, na kwamba sentensi ya pili haimo katika hati ya asili. Juu ya sentensi ya pili amesema kweli, na mwenye hati akitaka niiondoe nitaiondoa. Sentensi ya kwanza siiondoi.